Mwaka Tuliojifunza Kuwa Tayari

Kwenye msiba wa Mwalimu Agripina walinipa kipaza sauti nikakirudisha. Kijana aliyekuwa akiongoza ratiba alikuwa ameshatangaza kwa mbwembwe kwamba mama huyu mnayemwona ni mkalimani mstaafu, mwanafunzi wa marehemu tangu zamani, naye atatueleza jinsi marehemu alivyomfanya kuwa "expert". Nikamwambia, "Mwanangu, niache." Watu wakaguna. Najua walichosema kule nyuma kwenye masufuria: yule ana jeuri tangu usichana wake. Ninayo, wala sijawahi kuificha. Lakini ningefungua kinywa pale ningemsema Feza, na kumsema Feza mbele ya jeneza la Mwalimu kungekuwa kumpiga marehemu kofi. Sasa tumekwisha kumzika, wali wa msiba tumekula, mahema yamefunguliwa, na mimi nimerudi kwangu Rusimbi nimevua viatu. Nitasema.

Mambo ya ukoo wangu nayaacha, yana mahali pake. Itoshe kwamba baba alihamishiwa Kigoma kikazi, sisi si watu wa ziwani, na mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nimekaa tu nyumbani nawapikia wadogo zangu. Mwalimu Agripina naye alikuwa wa kuja, mtu wa Bukoba, mjane. Alifundisha sekondari asubuhi, na mchana akatufundisha sebuleni kwake wale tuliokuwa tunatafuta kazi. Sebule yenyewe ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, ubao alioupaka rangi nyeusi mwenyewe, na pazia la maua lililotenga jikoni, ambako daima kulikuwa na kitu kinachokaangwa kwa mawese. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese nakumbuka vitenzi vya Kiingereza. Mezani palikuwa na kamusi nene isiyo na jalada, ile inayoeleza kila neno lilikozaliwa. Mwalimu hakutaka tukariri. Alikuwa anasema, "Neno lina kwao. Ukienda kuposa bila kujua kwao binti, utapewa shangazi yake." Tukacheka, kisha tukafungua kamusi.

Feza tulikutana hapo. Wazee wake walivuka kutoka ng'ambo, Kongo, yeye akiwa mtoto, wakafia huku, akalelewa Kasingirima na mjomba wake Musafiri, fundi wa boti. Alikuwa Mkristo na mimi Mwislamu, na Ramadhani ile alinisindikiza kufunga siku kadhaa, eti anaona aibu kula mbele yangu. Mrefu, mwembamba, sauti ya chini. Alizungumza Kiswahili, Kiha cha sokoni, Kirundi, Kibembe cha mama yake, na Kifaransa cha shule ya masista, na Kiingereza alikuwa anakiokota upesi kuliko sisi wote. Mimi nilikuwa na kelele. Yeye alikuwa na akili. Nasema hivi bila wivu, wivu wenyewe ulikufa zamani.

Kazi zilizotangazwa mwaka ule zote zilidai maneno yaleyale: mtu "skilled", mtu "able", mtu "ready". Basi Mwalimu akaamua tuanze na hayo. Neno "skill", akatusomea, lililetwa Uingereza na mabaharia wa kaskazini, na kwao maana yake ilikuwa kutenganisha, kujua hiki ni hiki na kile ni kile. Feza akauliza polepole, "Kwa hiyo, Mwalimu, mama anayechambua mchanga kwenye dagaa, hiyo ndiyo skill yenyewe?" Mwalimu akaweka chaki chini, akamtazama, akasema, "Hiyo ndiyo. Hawa wengine wameiita hivyo baadaye sana." Neno "able" likatoka kwenye kushika, kitu kinachokaa vizuri mkononi. Na "ready" lina undugu na safari, na kupanda farasi: aliye "ready" ni yule ambaye farasi wake amekwisha kutandikwa. "Na sisi tusio na farasi?" nikauliza mimi kwa kiherehere. "Wewe panda punda," akasema Feza, na darasa zima likaangua kicheko. Ndipo Mwalimu akatuonyesha kwamba hata "tayari" yetu haikuota hapa, imesafiri kutoka Uarabuni na Uajemi, na wapo wasemao kwamba mwanzoni ilisemwa juu ya kipanga aliyefugwa, manyoya yalipokwisha kukomaa akaweza kuachiwa aruke. Tulilipenda sana lile. Kwa wiki nzima ukimwuliza mtu kama chai imeiva, anakujibu, "Bado manyoya."

Lakini siku ya "expert" hakuna aliyecheka. Mwalimu alieleza kwamba neno hilo limetoka kwenye kujaribiwa, na kwamba limezaliwa tumbo moja na neno la Kiingereza la hatari. Mtaalamu, kwa wale watu wa kale, alikuwa mtu aliyepita kwenye hatari akatoka. Feza aliinamisha macho mezani, akasema, "Basi kwetu ng'ambo wamejaa." Mwalimu akaenda nyuma ya pazia akarudi na sahani ya mihogo ya kuchemsha, tukala. Na tena akatupa "deft", mwenye mkono mwepesi, na pacha wake "daft", yaani mpumbavu. Maneno mawili, mzazi mmoja, na mzazi huyo alikuwa na maana ya mtu mpole. Dunia ilimtazama mpole ikashindwa kuamua kama ni stadi au ni mjinga, ikagawa neno. Nilidhani ni hadithi tamu tu ya kamusi. Nilikuwa msichana, nilijuaje?

Jambo lililokuwa linamsubiri Feza nililisikia kwa masikio yangu, Kasingirima, nikiwa nimealikwa chakula. Ilikuwa ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa mpaka ikawa laini kabisa, na samaki wa ziwani, migebuka. Sisi wanawake tulikuwa tunakula uani, na mjomba Musafiri alikuwa ndani na mgeni wake mfanyabiashara kutoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, mlango uko wazi, na mtu aliyezoea kupiga nyundo mchana kutwa hajui kunong'ona. Akasema, "Mahari nimepokea, sitakataa. Lakini ile kazi ya wazungu akiipata, nitakurudishia, tutabaki ndugu. Msichana anayeleta mshahara nyumbani haharakishwi. Anayeleta Kiingereza kitupu, ataolewa." Mgeni akasema yeye hana haraka, atangoja boti lake limalizike kutengenezwa. Mama Riziki, mke wa mjomba, akapaza sauti kutoka uani, "Na vita ya huko je, baba Riziki?" "Vita imetulia," akajibu mumewe. Mama Riziki akasonya, akamwongezea Feza samaki. Feza alikuwa anaendelea kula. Nikamkanyaga mguu, nikamuuliza kwa macho, naye akaniambia taratibu, "Nitaipata, Mwanaidi. Usiniharibie migebuka yangu."

Nataka nieleweke: mjomba hakuwa mnyama. Alikuwa na watoto wengi na mdomo mmoja wa ziada, na mtu wa Baraka alikuwa na duka na mashine ya kusaga. Wapo waliouzwa kwa pungufu ya hapo. Lakini Feza alikimbia ng'ambo ile akiwa amebebwa mgongoni, na aliwahi kuniambia kitu kimoja tu kuhusu siku ile, kwamba mama yake alimziba mdomo kwa kiganja mpaka wakafika majini, na kwamba ladha ya kile kiganja bado anayo. Hakutaka kurudi. Ndiyo maana alisoma vile. Ndiyo maana kila alasiri alikuja kwa miguu kutoka Kasingirima, jua linawaka, na akifika anauliza, "Leo ni neno gani?"

Kazi ilikuwa ya ukalimani, kwenye zahanati ya mapokezi iliyofunguliwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakivuka ziwa. Shirika lililoiendesha silitaji, limekwisha kuondoka zamani na vibao vyake. Waliomba wengi, wakachujwa, tukabaki mimi na Feza, nafasi ikiwa moja. Walituita ndani pamoja. Mbele walikaa wawili: daktari, mwanamke wa kizungu mwenye uso uliochoka, na dada wa utumishi kutoka Dar, kucha nyekundu, Kiingereza cha kupanda ngazi. Nyuma, kwenye benchi karibu na mlango, walimkaribisha Mwalimu Agripina kama mdhamini wetu sote wawili.

Walianza na mimi. Wakaniuliza kama mimi ni mjuzi wa kazi hii. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo, hata kesho. Kwetu mtu akikuuliza kama unaweza, unasema unaweza, mengine utajua mbele ya safari. Kisha wakamgeukia Feza. Wakampa kipande asome, akakisoma akakifasiri papo hapo, mpaka daktari akainua uso wake uliochoka akatabasamu. Moyo wangu ukasema, kazi imekwenda, na wallahi niliridhika. Ndipo yule dada akamuuliza kama yeye ni mjuzi. Feza akageuka nyuma, akamtazama Mwalimu. Akasubiri. Mwalimu akainamisha macho. Feza akasema kwa Kiingereza safi, "Mwalimu wangu yupo hapa." Dada akasema, "Tunakuuliza wewe." Akarudia swali, akaongeza kama yuko tayari kuanza, kama ana ujuzi mwingine wowote wa kutaja. Msichana aliyekaa pale ana lugha sita kichwani, na tangazo lilikuwa limetaja Kiingereza tu! Feza akageuka tena. Macho yake yalikuwa yanamwomba Mwalimu kitu, nami nikayaona, nikadhani amesahau maneno. Mwalimu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili anaangalia sakafu. Feza akarudi mbele, akainamisha kichwa, asiseme tena. Dada akaandika. Daktari akatazama saa ya ukutani.

Nje Mwalimu aliwaka. Sijapata kumwona hivyo, mtandio umeanguka begani. "Unanitazama mimi kwa nini? Nimekufundisha mwaka mzima ili siku ya siku unigeukie kama mtoto wa chekechea? Nilikuwa namwomba Mungu uwe peke yako pale, usimame mwenyewe!" Feza akasema, "Ulikuwepo, Mwalimu. Ningesemaje nawe upo?" Mwalimu hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Tukaenda naye mpaka Kasingirima, kwa sababu hakuna aliyejua pa kumpeleka pengine.

Mama Riziki ndiye aliyetueleza, tena kwa mshangao, kwa kuwa hakuamini kwamba kuna watu wazima wasiojua. Kwenye nyumba ya ufundi, alisema, mwanafunzi hajiiti fundi mwalimu wake akiwa amekaa hapo. Akijiita, ni kama amemzika. Atafanya kazi hata miaka, akiulizwa atasema najaribu, au atasema mwulizeni mkubwa wangu. Siku mkubwa akiridhika, atachukua birika na beseni mbele za watu, amnawishe mwanafunzi wake mikono kabla ya chakula, yeye mkubwa akiwa amesimama na mdogo amekaa. Na atasema, huyu ni fundi. Ikishakuwa hivyo, kijana anaweza kwenda popote akajitaja. Ndivyo Musafiri alivyofanyiwa na mwalimu wake, ndivyo alivyowafanyia vijana wake wa boti, na Feza amekulia katikati ya hayo. "Sasa Mwalimu," Mama Riziki akamalizia, "mtoto alikutupia neno zaidi ya mara moja, nawe ukakaa kimya. Alijua hujaridhika naye."

Mwalimu alikuwa ameshika tonge la ugali tuliokaribishwa. Akalishika vilevile, halirudi sahanini wala haliendi mdomoni. "Niliridhika naye tangu siku ya dagaa," akasema. "Mbona hamkuniambia? Mwaka mzima mbona hakuna aliyeniambia?" Mama Riziki akamtazama kwa huruma kabisa. "Mwalimu, mambo ya adabu mtu huambiwa?" Nimezunguka na swali hilo maisha yangu yote ya ukalimani. Tuliyafuata maneno ya Waingereza mpaka kwa mabaharia wao wa kale, tukajua nani ndugu ya nani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza msichana wa Kasingirima kwao mtu huitwaje fundi. Naye hakuona la kusema, kwa sababu lililo wazi kwako huwezi kudhani limefichika kwa mwenzio. Nani wa kulaumiwa hapo? Nimetafuta sana wa kumlaumu. Ingenisaidia.

Mwalimu alikwenda ofisini kesho yake asubuhi, akaambiwa barua ya ajira imekwisha kusainiwa, jina ni Mwanaidi. Nikaenda na mimi, bila kumwambia baba, nikasema nampisha Feza. Yule dada alicheka, si kwa ubaya, akasema nafasi haipishwi kama kiti. Nikiiacha wataitangaza upya, mchakato utaanza mwanzo, itachukua miezi. Boti la mtu wa Baraka lilikuwa limekwisha kuzibwa na kupakwa rangi. Nikamkimbilia Feza nikamweleza, nikamwambia niiache tu, labda mjomba atangoja. Akasema, "Usiwe mjinga, Mwanaidi. Tukose wote, ili iweje?" Kisha akalia, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akilia, amekaa kwenye kizingiti, pua imejaa, kama mtoto.

Waliondoka Kibirizi asubuhi, siku ya soko. Pale pwani huwa hapapumui: magunia ya muhogo, madumu ya mawese, kuku, wachukuzi wanatukanana, dagaa wametandazwa hadi unakosa pa kukanyaga. Feza alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa juu ya sanduku lake akingoja kuitwa. Tulikuwa tunamuaga wanawake wa nyumbani na mimi. Nikaona watu wanapisha njia. Mwalimu Agripina alikuwa anakuja katikati ya dagaa, amevaa gauni lake la Jumapili, mkono huu birika, mkono huu beseni, taulo begani. Hakumsalimia mtu. Mjomba Musafiri alimwona, akaelewa kabla yetu sote, akavua kofia. Mwalimu alisimama mbele ya Feza. Feza akataka kuinuka, Mwalimu akasema, "Kaa." Akaweka beseni chini, akainama, mama mtu mzima, akammiminia maji kidole kwa kidole, huku, huku, akamkausha kwa taulo. Kisha akanyooka akawaambia watu, kwa Kiswahili chake cha Bukoba kilichokuwa kinakatika, "Huyu ni fundi. Mimi ndiye niliyemfundisha na mimi nasema. Ni fundi kuliko mimi." Wachukuzi walitua mizigo yao. Mama Riziki akapiga kigelegele.

Feza aliitazama mikono yake. Akasema, "Asante, Mwalimu. Sasa naweza kusema." Uso wake ulikuwa umefunguka, ule uso wa "leo ni neno gani", na mimi nikadhani jambo limetokea, kwamba mjomba atasema basi, teremsheni sanduku. Nilimtazama mjomba. Alikuwa anafuta macho kwa kofia. Lakini mahari ilikuwa imeliwa na mwenye kuoa amesimama ndani ya boti, na kuwa fundi hakukuwa kumeongeza mshahara hata senti. Nahodha akaita. Mjomba mwenyewe akaliinua lile sanduku.

Vita haikuwa imetulia. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, waliovuka walisema kijiji alichoolewa Feza kimechomwa, duka na mashine na kanisa, na kwamba wapo waliokimbilia milimani na wapo ambao hawakukimbilia popote. Mwalimu alikuwa anashuka Kibirizi kila boti likitia nanga, mpaka wachukuzi wakawa wanamwambia kutoka mbali, "Hayumo, Mwalimu." Aliomba asihamishwe kutoka Kigoma, akakataa vyeo kwa ajili hiyo, na juzi ndipo tumemzika hapa, na watu wanashangaa mtu wa Bukoba kuzikwa ugenini.

Mimi nilianza kazi Jumatatu ile ile baada ya boti kuondoka. Mgonjwa wa kwanza aliyeletwa alikuwa mwanamke aliyevuka usiku, amemkumbatia mtoto, na alikuwa anasema neno moja, analirudia na kulirudia, anamshika daktari mkono. Nilimjaribu kwa Kiswahili, nikamjaribu kwa Kiha changu kibovu. Akatikisa kichwa, akaendelea. Kilikuwa Kibembe. Daktari akaniuliza anasema nini, nikamwambia sijui. Akaniuliza kama katika mji huu mzima hakuna mtu anayejua Kiingereza na lugha ya mama huyu. Nikamjibu kwamba alikuwepo.